Kesi Nyingi Huishia Kituo cha Polisi

Ukiisoma haraka Ibara ya 6 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, uliotiwa saini Roma mwaka 1950, utadhani inahusu chumba cha mahakama tu. Inataja mahakama huru isiyopendelea, kesi kusikilizwa hadharani na kwa muda wa kuridhisha, mkalimani wa bure kwa asiyeelewa lugha ya mahakama, na mshtakiwa kuhesabiwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Yote mazuri. Ila kesi nyingi za jinai huwa zimekwisha kabla jaji hajaketi, katika zile saa za mwanzo mtuhumiwa anapokuwa peke yake na askari wanaomhoji. Akishakiri pale, wakili atakayekuja baadaye hubakiwa na kazi ndogo ya kumwombea apunguziwe kifungo.

Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliyoko Strasbourg ililikubali jambo hilo Novemba 2008, katika kesi ya Salduz dhidi ya Uturuki. Mlalamikaji alikuwa na miaka 17 alipokamatwa Izmir mwaka 2001, akituhumiwa kushiriki maandamano haramu na kutundika bango darajani. Sheria ya Uturuki ya wakati huo iliwanyima wakili watuhumiwa wa makosa yaliyokuwa chini ya mahakama za usalama wa taifa. Kijana alikiri polisi. Alipofikishwa kwa mwendesha mashtaka na kwa hakimu akakana, akisema alilazimishwa. Haikumsaidia kitu, maneno yaleyale ndiyo yaliyomtia hatiani. Majaji 17 wa Strasbourg walisema kwa kauli moja kwamba haki yake ilivunjwa, wakaweka na kanuni: mtuhumiwa apate wakili tangu mahojiano ya kwanza, isipokuwa pawe na sababu nzito, na maungamo yaliyotolewa bila wakili yakitumika kumtia hatiani, utetezi umedhurika kiasi kisichorekebishika.

Kanuni hiyo ilifanya kazi kwa sababu ilikuwa wazi. Scotland polisi waliruhusiwa kumhoji mtu kwa muda wa hadi saa 6 bila wakili, na majaji wa huko walishikilia kwamba kinga nyingine za sheria yao zilitosha. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikataa hoja hiyo Oktoba 2010, na bunge la Scotland likabadilisha sheria kwa dharura siku iliyofuata. Ufaransa nayo ilirekebisha taratibu zake mwaka 2011, wakili akaanza kukaa ndani ya chumba cha mahojiano.

Kisha Strasbourg ikarudi nyuma. Mwaka 2016, katika kesi iliyotokana na jaribio la mabomu London la Julai 2005, jopo kubwa lilisema kwamba hata pasipokuwa na sababu nzito ya kumnyima mtu wakili, haki yake haihesabiwi kuwa imevunjwa papo hapo. Itazamwe kesi nzima, kama kwa ujumla iliendeshwa kwa haki. Mwaka 2018, katika kesi ya Beuze dhidi ya Ubelgiji, ambako sheria yenyewe ilimnyima kila mtuhumiwa wakili wakati wa mahojiano, kipimo hichohicho kikatumika. Mlalamikaji alishinda, ni kweli. Lakini majaji 4 kati ya waliokubaliana na matokeo waliandika kando kwamba hukumu hiyo inaiacha njia ya 2008, nami naona hawakukosea.

Watetezi wa kipimo kipya wana hoja ya uzito: bomu linaweza kuwa limefichwa kwenye treni, na polisi hawawezi kumsubiri wakili. Ila kanuni ya 2008 haikuwazuia, kwa kuwa iliacha mlango wa sababu nzito, na ni kwa mlango huo walalamikaji watatu wa kwanza katika kesi ya London walionekana kuwa walihojiwa ipasavyo kwa ajili ya usalama wa umma. Wengine wanasema wahalifu huachiwa kwa kasoro za utaratibu tu. Kweli, Scotland kesi kadhaa zilifutwa. Lakini kesi inayoanguka maungamo yakiondolewa ni kesi ambayo haikuwa na ushahidi mwingine wa kutosha, na lawama hiyo ni ya upelelezi. Lililo baya zaidi katika kipimo cha "kesi nzima" ni kwamba askari hawezi kujua matokeo yake usiku ule anapomfungia mtuhumiwa mlango. Mlalamikaji wa Ubelgiji alikamatwa mwaka 2007. Jibu lilipatikana baada ya miaka 11.

Msomaji wa Mombasa au Mwanza asidhani hayo ni ya Wazungu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, huzirejea hukumu za Strasbourg katika uamuzi wake, na mwaka 2015 iliikuta Tanzania na kosa la kutompatia msaada wa kisheria mshtakiwa katika kesi ya Alex Thomas. Kanuni ikilegea Strasbourg, serikali za huku zitakuwa na hukumu ya kunukuu. Majaji wa Arusha wasiifuate ile ya 2018. Waishike ya 2008, iliyo rahisi kueleweka na askari, na ngumu kukwepwa na serikali.