Mwenyeji Naye Aione Bahari

Karibu kila siku ndege ndogo huruka kutoka uwanja wa Kisongo, magharibi ya mji wa Arusha, zikielekea Unguja. Abiria wake wengi ni wageni waliomaliza siku zao Serengeti na Ngorongoro, na viatu vyao bado vina vumbi la mbuga. Kabla ya jua kutua watakuwa wamefika Nungwi, Kiwengwa au Paje, wakioga katika Bahari ya Hindi. Dereva aliyewaleta uwanjani hugeuza gari na kurudi mjini kuwangojea wengine. Dereva huyo anajua vivuko vya nyumbu na miti anakopenda kulala chui, na anaweza kumsimulia mgeni habari za Zanzibar kama alivyozisikia kwa watu. Lakini yeye mwenyewe, katika miaka yote ya kazi yake, pengine hajapata kutia mguu katika maji ya bahari hiyo.

Hali hii si ya dereva mmoja. Ni hali ya mpishi wa kambi, ya mpagazi wa Mlima Meru, ya mtumishi wa hoteli ya Usa River, ya mkulima wa kahawa wa Poli na ya mwalimu wa Ngaramtoni. Watu hao wamekaa katika mlango mkuu wa utalii wa taifa, lakini kazi yao mlangoni hapo imekuwa ni kuwapitisha wengine. Jambo hili linastahili kutazamwa upya. Taifa ambalo wananchi wake huzijua pwani zake kwa picha za matangazo tu haliwezi kusema kwamba linazimiliki pwani hizo kwa ukamilifu.

Utalii wa Tanzania umesimama juu ya nguzo mbili kubwa, nazo ni wanyama wa kaskazini na fukwe za visiwa. Mawakala wa Ulaya na Marekani huziuza nguzo hizo pamoja kama safari moja, siku kadhaa mbugani na siku kadhaa ufukweni. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea wageni wapatao 1,500,000 kutoka nje, na Zanzibar ikapokea zaidi ya 500,000. Ndiyo kusema Arusha na Unguja ni washirika katika biashara moja. Mtu wa New York anaujua ushirika huo na ameulipia. Mtu wa Tengeru, ambaye jasho lake limo ndani yake, hajauonja.

Ni kweli kwamba wako watu wa kaskazini wanaokwenda visiwani, tena kwa wingi. Atembeaye ufukweni Nungwi au Jambiani huwaona vijana wa Kimasai waliovaa lubega, na baadhi yao wametoka Mikoa ya Arusha na Manyara. Usiku wao ni walinzi wa malango ya hoteli, na mchana huuza shanga na vinyago. Kazi ni heshima ya mtu, na hakuna mwenye haki ya kuwacheka vijana waliovuka bahari kutafuta riziki wakati ukame ulipopunguza mifugo nyumbani. Hata hivyo lazima isemwe kwamba kijana anayeijua pwani ya nchi yake kwa kusimama langoni tu, akiwafungulia wengine, atajifunza taratibu kwamba ndani ya lango hilo si kwake. Somo hilo ni baya, na halifuti kwa mshahara.

Mizizi ya somo hilo ni ya zamani. Wakati wa ukoloni likizo ya kupumzika ilikuwa haki ya ofisa mzungu. Alipoteremka pwani kubadili hewa, Mwafrika aliyefuatana naye alikwenda kama mpishi au mchukuzi wa mizigo. Bendera ilishuka, lakini kasumba ikabaki. Mpaka leo wako watu wazima, wenye elimu na kazi nzuri, wanaoamini kwamba kutembea ili kuona ni desturi ya Wazungu, na kwamba Mwafrika akipanda meli pasipo msiba, harusi au biashara amepoteza fedha zake bure.

Suala hili lilikwisha kugusiwa. Mwaka 1970 vijana wa TANU walianzisha magazetini mjadala mkali juu ya utalii, mjadala ambao baadaye Issa Shivji aliukusanya katika kitabu. Waliokuwa na shaka walihofia kwamba hoteli za kitalii zingelea moyo wa utumwa kwa faida isiyo kubwa. Waliowajibu walisema kwamba taifa changa linahitaji fedha za kigeni. Miaka imepita, hoteli zimejengwa, na fedha za kigeni zimekuja. Lakini hofu ya vijana wale haikuwa ya kipuuzi. Dawa yake si kuzifunga hoteli. Dawa yake ni kuhakikisha kwamba mwananchi hakai siku zote upande wa jikoni, bali ana siku yake ya kukaa mezani naye akahudumiwa. Mtu aliyewahi kuwa mgeni humhudumia mgeni mwenzake kwa adabu, wala si kwa woga.

Iko pia sababu ya uchumi. Februari 1977 mpaka kati ya Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Kabla ya hapo watalii wengi wa mbuga za kaskazini walikuwa wakiingia kupitia Nairobi. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulikuwa umekwisha kufunguliwa tangu 1971, lakini njia ya wageni haihami kwa siku moja, na utalii wa kaskazini ulipata pigo kubwa. Mwaka 2020 likaja pigo lingine, ugonjwa wa korona, na idadi ya wageni wa nje ikapungua kwa zaidi ya nusu. Magari ya Arusha yaliegeshwa, na katika vijiji vya pwani samaki na mboga zilizozoea kununuliwa na hoteli zilikosa mnunuzi. Mara zote mbili fundisho lilikuwa moja. Anayemtegemea mgeni wa mbali peke yake amejenga nyumba juu ya mchanga. Mgeni wa mbali hurudi nyuma kwa habari moja ya redio ya kwao. Mwananchi hafungiwi mpaka wa nchi yake.

Hapa watu wengi watauliza: mkulima au mfanyakazi wa kima cha chini atapata wapi fedha za kwenda ufukweni, naye ana karo, matibabu na bati la nyumba linalomngoja? Swali hili ni la haki. Hakuna anayesema kwamba watu waache kusomesha watoto ili wakaote jua Kendwa. Lakini ni vizuri kutazama kwa makini kinachomzuia mwananchi. Si umaskini peke yake. Bei nazo zimepangwa bila kumfikiria yeye.

Kwa miaka mingi hoteli nyingi za pwani zilitangaza bei zake kwa dola. Machi 2025 kanuni mpya zilipiga marufuku kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Hatua hiyo ni njema, lakini haitoshi. Hoteli iliyozoea kuandika dola 150 kwa usiku mmoja, kisha ikaizidisha hesabu hiyo kuwa shilingi, imebadilisha maandishi tu. Bei ya mwananchi haipatikani kwa kuitafsiri bei ya mgeni. Inapatikana kwa kutazama kwanza mfuko wa mwananchi.

Wala jambo hili si geni. Katika lango la Hifadhi ya Taifa ya Arusha, chini ya Mlima Meru, mwananchi hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kiasi kidogo sana kuliko mgeni wa nje. Katika meli za Dar es Salaam na Unguja pia, nauli ya mkazi ni ndogo kuliko ya mgeni. Basi kama inawezekana katika lango la hifadhi na katika daraja la meli, kwa nini isiwezekane katika daftari la hoteli?

Wakati nao upo. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28. Siku hizo kwa kawaida hutumika kwenda kijijini, kusalimia wazee na kutazama shamba, nao ni wajibu mwema usioachwa. Lakini siku 28 zinatosha kuwaona wazee na kuiona bahari. Zaidi ya hayo, majira yanawapendelea watu wa Arusha. Masika ikifika, kati ya Machi na Mei, wageni hupungua mbugani, na madereva, wapishi na wapagazi hukaa bila kazi nyingi. Miezi hiyo hiyo vyumba vya visiwani huwa vitupu. Upande mmoja kuna watu wenye nafasi, na upande wa pili kuna vitanda visivyo na watu. Mvua za masika hazikatazi kila kitu, na bahari ya Unguja haina baridi. Kampuni inayouza safari za Zanzibar mwaka mzima haitapata hasara ikiwapeleka wafanyakazi wake huko kwa zamu. Dereva aliyeuona kwa macho yake Mji Mkongwe, ulioingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, atamweleza mgeni vizuri zaidi kuliko aliyekariri karatasi.

Kwa wengine, umoja ni nguvu. Wakulima wa Meru wamezoea kuuza kahawa kwa ushirika, na akina mama wa Kijenge na Sakina wamezoea kuweka akiba katika vikoba. Kikundi kinachoweza kukusanya fedha za sufuria za harusi kinaweza kukusanya nauli ya basi ya kilomita zaidi ya 600 mpaka Dar es Salaam, na ya meli mpaka Unguja. Huko si lazima walale katika hoteli kubwa. Katika vijiji kama Jambiani na Paje zimo nyumba ndogo za wageni, na shilingi inayolipwa kwa mwenyeji hulala kijijini hapo hapo. Shule nazo zina wajibu. Mwanafunzi anayesoma habari za biashara ya utumwa atazielewa vingine akisimama Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa mpaka mwaka 1873.

Lakini liko jambo kubwa kuliko mapumziko. Ufukwe usiokanyagwa na wananchi ni rahisi kuzungushiwa ukuta. Katika vijiji vya mashariki ya Unguja wanawake wamekuwa wakilima mwani tangu mwaka 1989, na wavuvi wana madiko yao ya kupandishia ngalawa tangu enzi za mababu. Hoteli inapoziba njia ya kwenda dikoni, mvuvi hubaki peke yake akilalamika mbele ya mwenye fedha. Wananchi wa Bara wakiwa hawajapata kufika hapo, hawatajua kilichopotea, na asiyejua hawezi kumtetea mwenzake.

Watu wa Meru wangeelewa upesi kuliko wengine. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili kuwapa walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet aliyafikisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa, New York. Watu wenye kumbukumbu hiyo hawahitaji kufundishwa maana ya kuamka asubuhi na kukuta njia ya mababu imefungwa kwa faida ya mtu mwingine. Mzee wa Meru akikaa barazani na mvuvi wa Nungwi, wawili hao watakuwa na mengi ya kuzungumza.

Basi mwananchi anayekwenda visiwani asiende kuiga ubaya wa baadhi ya wageni. Vijiji vile ni vya watu wenye dini na heshima zao. Avae nguo za stara apitapo kijijini, aheshimu mwezi wa Ramadhani, aulize kabla ya kupiga picha, wala asikanyage vigingi na kamba za mwani wakati maji yamekupwa. Vivyo hivyo ndugu wa Visiwani nao wakaribishwe kupanda Meru, kuona maziwa ya Momella na kuionja baridi ya Juni. Muungano wa mwaka 1964 umeandikwa katika sheria na husifiwa katika hotuba kila Aprili. Lakini undugu hukua kwa kutembeleana, na nyumba mbili zisizotembeleana haziitwi ndugu kwa muda mrefu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa Arusha amempokea mgeni, amemlisha, amembebea mzigo na kumfikisha salama hadi mlango wa ndege. Sasa wenye hoteli wapange bei inayomjua mwananchi, waajiri wampe nafasi wakati wa masika, na vyama vya ushirika viweke safari katika mipango yao ya mwaka. Naye mwananchi aivue kasumba ya kudhani kwamba bahari ya nchi yake iliumbwa kwa ajili ya watu wa mbali. Anayemsindikiza mgeni kila siku mpaka uwanjani ana haki, angalau mara moja, ya kupanda naye.