Mtungi Mkubwa Haushindi Presha

Mwandishi aliyewashauri wenye bunduki za upepo huko Marekani wanunue mtungi mkuukuu wa wapiga mbizi, kwa kuwa ni mkubwa na bei ni nafuu, amewapoteza. Ametazama ujazo, akasahau presha.

Mtungi wa alumini uliozoeleka kwa wazamiaji wa huko una lita 11 na hujazwa hadi bar 207. Bunduki inayotaka bar 250 haitajaa kwa mtungi huo hata siku ya kwanza, maana hewa huacha kuhama pindi presha za pande mbili zinapolingana. Hata ya bar 200, yenye chemba ya nusu lita, utaijaza kikamilifu mara chache tu. Zinazofuata zitapungua.

Sasa chukua mtungi wa nyuzi za kaboni wa lita 3 uliojazwa bar 300. Kuipandisha chemba ya ukubwa huohuo kutoka bar 150 hadi 250 hushusha mtungi kwa takriban bar 17. Unajaza mara tatu. Wa lita 6.8 unajaza mara sita, na begani ni mwepesi kuliko ule wa alumini.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba hakugusia ukaguzi. Mitungi hii hupimwa kwa presha ya maji kila miaka 5, na mingi ya kaboni huwekewa ukomo wa miaka 15. Soma tarehe kabla ya kutoa pesa. Ikiwa imefutika, uache hapohapo.