Trekta Lije, Bei ya Korija Isishuke



Sisi tu watu wa reli, na reli haijafika Lamu. Lakini bega likichubuka ni bega, liwe la mchukuzi wa mataruma au la mkata boriti wa Pate na Ndau. Kwa hiyo twasema.

Wako wasemao kazi ya mikoko iletewe trekta dogo la kuvuta miti, wakataji wapumzike. Maneno matamu. Je, hao wamepata kulikanyaga lile tope? Mkataji huingia na shoka maji yakipwa, tope laja magotini. Boriti ya mkoko mbichi haielei. Ukiitia majini yazama. Basi huichukua begani mpaka ukingoni, hapo hungojea bamvua ili mashua ifike. Trekta litakwama kabla ya mti wa kwanza. Tena litavunja miche, na ile mizizi ya mchu isimamayo juu ya tope kuvuta hewa. Kesho hakuna boriti, wala kaa, wala kamba.

Mahali pa trekta ni nchi kavu. Lisimame penye udongo mgumu, waya na kapi zivute mafungu, na mahori yatumike maji yakijaa. Hilo twalikubali kwa mikono miwili.

Lakini litakuwa la nani? Mkataji hulipwa kwa korija, yaani miti 20. Siku trekta litakapofika, tajiri mwenye leseni atasema: kazi sasa nyepesi, bei ya korija ishuke, na mafuta mlipe ninyi. Msidhani twaota. Reli ilipoacha injini za mvuke ikaleta za dizeli, jasho lilipungua kweli, na mchochea moto akaondoka pamoja nalo.

Wakataji wamekwisha kuumia mara nyingi. Mwaka 1982 Serikali ilikataza boriti kuuzwa ng'ambo, majahazi ya Arabuni yakakosa shehena. Februari 2018 ukataji ukasimamishwa katika misitu ya Serikali, mikoko pia. Mashoka yakatundikwa, lakini njaa ya watoto haikutundikwa. Hatusemi msitu usilindwe. Nani aulindaye kuliko yule ambaye chakula chake kimo humo? Na huko Manda Bay gati ya kwanza ya bandari mpya ilianza kazi Mei 2021, na winchi zake huinua makontena mazima. Fedha za winchi zilipatikana. Za waya na kapi ndizo ngumu?

Twawaambia ndugu zetu wa Lamu: ingieni chama, kila mmoja. Trekta liandikwe kwa jina la ushirika wenu, si la tajiri. Bei ya korija iwekwe katika karatasi, naye tajiri atie sahihi mbele yenu. Akiisha kutia sahihi, injini iwashwe.