Unafuu wa Detroit Haupandi Kibosho

Mwandishi anayetangaza kuwa gari la kasi la Kimarekani la bei nafuu limerudi, na kuwahimiza vijana wa Moshi wachangamke, amehesabu bei ya Marekani tu. Gari halijafika Moshi.

Tuanze bandarini. Juu ya bei na nauli ya meli kuna ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, na ushuru wa bidhaa unaopanda kutoka asilimia 5 hadi 10 injini inapovuka cc 2,000. Mustang ya V8 ya Kimarekani ina injini ya lita 5, hivyo inavuka mpaka huo. Injini ya EJ20 ya Subaru Impreza WRX, tunayoijua hapa, ina cc 1,994, hivyo haivuki.

Usukani je, kwetu tunaoendesha upande wa kushoto wa barabara? Magari mengine ya kasi ya Kimarekani, Camaro na Challenger, zilizokoma kuundwa mwishoni mwa 2023, zilitoka kiwandani na usukani wa kushoto. Mustang, iliyozinduliwa 1964, ilisubiri hadi 2015 kuundiwa usukani wa kulia.

Kisha kuna mlima wenyewe, Kilimanjaro. Injini isiyo na turbo, kama hiyo V8 ya Mustang, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000 unazopanda. Turbo, kama ya WRX, hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Na masika yakishika, ile njia ya udongo inayokatiza migombani Kibosho hugeuka utelezi mtupu. Pale Subaru huvuta kwa tairi zote nne. Mustang husukumwa na mbili za nyuma.

Kijana mwenye akiba ndogo anastahili ushauri wa kweli: unafuu upimwe kwa ushuru wetu, barabara zetu na vipuri vilivyopo kwa fundi wetu. Kwa kipimo hicho, gari la kasi la mtu wa kawaida Kilimanjaro bado ni la Kijapani.