Rotuli Iliyochakaa Isilipwe na Dereva



Katika mikutano yetu tunazungumza sana juu ya mshahara, bei ya kilo ya majani ya chai, likizo na matibabu. Hayo ni mambo ya haki, na tutaendelea kuyazungumza. Lakini liko jambo ambalo mpaka leo halijapewa nafasi yake, nalo ni hali ya pikapu kuukuu zinazotubeba sisi na mizigo yetu. Wengi wetu hapa Gihundwe na sekta za jirani huanza siku ya kazi nyuma ya pikapu, tukiwa tumeshika vyuma, kabla hata ya kushika jembe, kikapu au mashine.

Msimamo wetu ni huu: vyuma vya usukani na springi vikichakaa, kuvibadilisha ni jambo la usalama kazini, na gharama yake ni ya mwajiri. Dereva asikatwe hata faranga moja kwa ajili ya chuma kilichochakaa katika kazi ya mwenye gari.

Kwanza tutazame barabara zetu. Ziwa Kivu liko kiasi cha mita 1,460 juu ya bahari. Ukishuka kutoka Kamembe kwenda Bugarama, kwenye mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji, unafika bonde la mto Rusizi ambalo ni mahali pa chini kuliko pote katika Rwanda, kiasi cha mita 950. Kwa hiyo gari linateremka mita mia tano, kona baada ya kona, na jioni linapanda tena likiwa na mzigo. Upande wa milima ya chai, barabara za mashambani ni za udongo na mawe, na mvua huzichimba kila mwaka. Gari la mjini linalotembea juu ya lami hukaa na vyuma vyake miaka mingi. La kwetu haliwezi kukaa hivyo, na mwenye gari anayepanga matumizi yake kama kwamba liko mjini anajidanganya.

Sasa tuseme ni vyuma gani. Chukua Toyota Hilux za miaka ya 1980 na 1990, ambazo bado tunaziona kila siku. Zile ambazo magurudumu yake ya mbele hujitegemea, kila moja upande wake, zina rotuli mbili kila upande, ya juu na ya chini. Rotuli ni kile kiungo chenye kichwa cha duara kama tunguja, kinachozunguka ndani ya kikombe chake na kushika gurudumu. Katika fito za usukani mna viungo vingine vinne vya namna hiyo, viwili kila upande. Kila kiungo kina kipira cha kuzuia maji na udongo, na ndani mna grisi. Kipira kikipasuka, grisi hutoka, mchanga huingia, na chuma huanza kusaga chuma. Hapo hakuna dawa ila kubadilisha.

Rotuli ya chini ikichomoka gari likiwa mwendoni, gurudumu hulala na gari huanguka upande huo. Kiungo cha usukani kikichomoka, dereva hugeuza usukani na gurudumu halimtii. Hata dereva hodari wa namna gani, hapo hana la kufanya. Aliye nyuma, juu ya magunia, hana mkanda wala kiti.

Dalili hazifichiki, na kila mfanyakazi anaweza kuzijifunza. Usukani ukizunguka kidogo bila gari kufuata, kuna mahali pamelegea. Gari likivuta upande mmoja, au tairi ikiliwa ukingo mmoja tu, magurudumu hayakunyooka. Sauti ya kugonga chini kila mkipita shimoni ni bushi, rotuli au shokapu. Bonyeza bampa kwa nguvu kisha uachie. Gari likiendelea kuyumba juu na chini mara kadhaa, shokapu zimechoka, na ukiona mafuta yanatiririka kwenye mwili wake usisubiri ushahidi mwingine. Kisha inua gari kwa jeki, uliweke juu ya kigingi imara. Shika gurudumu kushoto na kulia ulitikise: likicheza, tazama viungo vya usukani. Lishike juu na chini ulitikise: likicheza, ni beringi au rotuli. Kazi hiyo huchukua dakika chache na haihitaji chombo cha thamani.

Kubadilisha nako kuna utaratibu wake. Fundi anayejua kazi huhesabu mizunguko anapofungua kiungo cha usukani, ili kipya kikae pale pale. Nati huikaza kwa kipimo, kisha hutia pini mpya ya kuizuia isifunguke; pini ya zamani iliyokwisha kupindwa hairudishwi. Shokapu hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia. Kazi ikiisha, magurudumu hunyooshwa kwa kipimo, na dereva hulijaribu gari likiwa tupu kabla ya mtu yeyote kupanda nyuma.

Lakini mara nyingi sana tunaona nini? Tunaona rotuli iliyojazwa kipande cha mpira wa tairi ili isicheze. Tunaona kiungo kilichochomelewa kwa moto, na msumari umewekwa mahali pa pini. Mafundi wetu wa Kamembe na wa Bukavu ng'ambo ya mto ni hodari, na hawafanyi hivyo kwa kupenda. Hufanya hivyo kwa sababu aliyeleta gari ameambiwa na mwenye gari: tengeneza, lakini usinunue kitu.

Yupo dereva mmoja wa hapa kwetu. Hatumtaji yeye wala mwajiri wake. Alimwambia kapita mara tatu kwamba usukani unacheza. Mara tatu akajibiwa aendeshe polepole. Siku ya nne kiungo kikachomoka, kwa bahati njema mahali pa tambarare, gari likiwa na magunia matupu tu. Bampa ilipinda na tairi ikapasuka. Mwajiri akaanza kumkata mshahara, akisema kwamba dereva hakuwa mwangalifu. Tulikwenda kuzungumza naye. Makato aliyasimamisha, lakini tulipomwomba aweke daftari la gari alikataa, akasema daftari litaleta maneno. Ndugu, hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Bila daftari, onyo la dereva ni upepo. Ajali ikitokea, wa kwanza kuulizwa na polisi ni yeye aliyeshika usukani, na yule aliyekataa kununua kiungo yumo ofisini.

Waajiri wana majibu yao, na ni vizuri tuyasikilize. Wanasema vipuri ni ghali. Ni kweli kwamba nchi yetu haina bahari, na vipuri husafiri kutoka Mombasa au Dar es Salaam mpaka vifike kwetu. Lakini tairi nazo husafiri njia hiyo hiyo, na magurudumu yasiyonyooka hula tairi mpya kabla ya wakati wake. Anayekwepa kununua kiungo kimoja hununua tairi mbili, na gari likilala njiani hupoteza kazi ya siku nzima ya watu wote waliokuwa wakilingoja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wengine wanasema gari limepita ukaguzi wa Polisi. Ukaguzi ni jambo jema, nasi tunauunga mkono. Lakini karatasi ya ukaguzi inasema gari lilivyokuwa siku ile. Haisemi lilivyo baada ya miezi mitatu ya mashimo.

Sheria nazo hazituachi mikono mitupu. Sheria ya kazi ya Rwanda, namba 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi wake. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Kifungu cha 13 kinamlinda mfanyakazi anayejiondoa katika kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kwamba maisha yake yamo katika hatari kubwa iliyo karibu. Mwezi Juni 2022, mkutano mkuu wa Shirika hilo uliingiza usalama kazini katika haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu. Dereva anayesimamisha gari lenye rotuli iliyolegea amefanya kazi yake. Asiitwe mkaidi.

Kwa upande wetu pia upo wajibu. Wapo madereva wanaoongeza abiria na magunia njiani ili wapate cha mfukoni, na uzito huo huvunja springi na kulegeza vyuma. Chama hakiwezi kumtetea mtu kwa mkono mmoja na kufunika jambo hilo kwa mkono mwingine.

Kwa hiyo tunapendekeza kila tawi lipeleke madai haya katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja:

1. Kila gari linalobeba wafanyakazi liwe na daftari. Dereva aandike kasoro na tarehe, na msimamizi atie sahihi kwamba ameona.

2. Usukani, rotuli, bushi, springi na shokapu zikaguliwe kila juma, mbele ya mjumbe wa wafanyakazi.

3. Vyuma vilivyochakaa vinunuliwe na mwajiri, bila makato kwa yeyote.

4. Dereva anayesimamisha gari bovu asiadhibiwe, na waliolingoja walipwe siku yao.

5. Hatimaye watu wasafirishwe katika gari lenye viti. Pikapu ilitengenezwa kubeba mizigo.

Dai la tano litachukua muda, tunajua. Yale manne ya kwanza yanaweza kuanza Jumatatu, kwa daftari, kalamu na jeki. Mjumbe wa tawi asingoje barua kutoka juu. Amwendee dereva, wainue gari pamoja, watikise magurudumu, na wanayoyaona wayaandike wakiwa wawili. Mwajiri anaweza kulisahau neno la mtu mmoja, lakini maandishi yenye sahihi mbili na tarehe yatamngoja mezani.

Umoja ni nguvu.