Kamera ya Kituo Isichaguliwe kwa Tarakimu za Dukani

Siku hizi ni nadra kumwona askari asiye na simu yenye kamera. Gari linapopinduka barabarani, au duka linapovunjwa usiku, askari wa kwanza kufika huitoa simu yake mfukoni, hupiga picha tatu nne, na picha hizo ndizo humfikia mkuu wa kituo, kisha mpelelezi, na mwisho wake hakimu. Sisi hatuidharau simu. Picha ya simu iliyopigwa mapema yaishinda picha ya kamera kubwa iliyochelewa, kwa sababu mvua hufuta alama za matairi na watu hukanyaga nyayo za mwizi. Tunachokikataa ni fikira kwamba simu imekwisha kuondoa haja ya kamera, na kwamba kituo cha polisi hakina sababu tena ya kuwa na chombo chake.

Tuanze na umbo la picha. Lenzi kuu ya simu nyingi hutazama kwa upana, mfano wa lenzi ya milimita 24 hadi 26 katika kamera za filamu. Lenzi kama hiyo humvuta mpigaji asogee karibu. Hapo kilicho mbele huonekana kikubwa kupita kiasi, na kilicho nyuma huonekana kimetupwa mbali. Fikirini basi dereva anayeshtakiwa kwamba alimwona mtembea kwa miguu angali mbali, wala asipunguze mwendo. Hakimu aitazamaye picha hiyo ataiona barabara kuwa ndefu kuliko ilivyo, na mtu aweza kufungwa kwa urefu uliotengenezwa na lenzi. Mkuu wa kitengo cha utambuzi cha polisi wa Paris, Alphonse Bertillon, alikwisha kulielewa jambo hili zaidi ya miaka mia moja iliyopita: picha za mahali pa mauaji alizipiga kwa vipimo maalumu, ili urefu wa vitu uweze kupimwa katika picha yenyewe.

Liko na suala la uaminifu, ambalo kwetu ni zito zaidi. Simu ya leo aghalabu haipigi picha moja. Hupiga kadhaa kwa mara moja, huziunganisha, hunoa kingo na kung'arisha giza, yote hayo kabla mwenyewe hajaiona picha. Mwaka 2023 palizuka mjadala mkubwa juu ya simu za Samsung, ilipoonyeshwa kwamba ukiipiga picha taswira ya mwezi iliyofifishwa kwa makusudi, simu huongeza madoa na mabonde ambayo hayakuwamo. Kwa picha ya harusi hakuna ubaya. Lakini sheria za miamala ya kielektroniki, ya Uganda ya mwaka 2011 na ya Tanzania ya mwaka 2015, zaitaka mahakama, inapoupima ushahidi wa namna hii, iangalie jinsi ulivyotengenezwa na jinsi ulivyohifadhiwa. Askari atajibu nini akiulizwa ni sehemu gani ya picha iliyotoka kwenye lenzi, na ni ipi iliyobuniwa na simu? Kamera iwezayo kuhifadhi picha ghafi, yaani jinsi mwanga ulivyopokelewa kabla ya kupambwa, humpa jibu. Kadi yake hutolewa, hutiwa katika bahasha, huandikwa tarehe na jina la aliyeipokea.

Simu nayo huenda nyumbani na mwenyewe. Ina picha za watoto wake, ina makundi ya WhatsApp. Ni mara ngapi maiti ya ajali imewafikia jamaa zake kwa njia ya simu kabla afisa hajabisha hodi? Hilo peke yake lingetosha kwetu kudai kamera ya kituo.

Sasa ni kamera gani? Muuza duka atawatajia megapikseli, naye hutaja kwa sauti kubwa kama mnadi wa mnadani. Msimsikilize. Picha ya sentimita 20 kwa 25, iliyochapwa vizuri, yahitaji megapikseli 7 na kidogo tu, na hakuna kamera mpya ya maana inayopungukiwa na hizo. Ulizeni ukubwa wa kibamba kinachopokea mwanga. Katika kamera nyingi ndogo ni kama milimita 6 kwa 5; katika zile za kati, 23 kwa 15; katika kubwa, 36 kwa 24. Kikubwa hukusanya mwanga zaidi, na wahalifu hupenda usiku.

Kwa kituo cha kawaida, penye vumbi na mvua na mikono mingi, sisi tungechagua kamera ndogo ngumu ya mfano wa Olympus TG-6 ya mwaka 2019, hata iliyotumika: haiingii maji hadi mita 15, hustahimili kuanguka kutoka mita 2, hupiga kitu kilicho sentimita moja mbele yake, na huhifadhi picha ghafi. Kibamba chake ni kidogo, hilo hatulifichi. Kwa wapelelezi inafaa kamera ya kati yenye kubadilishwa lenzi: ya milimita 35, inayoonyesha masafa karibu na jicho lionavyo, na moja ya kupiga vitu vya karibu sana kwa ajili ya alama za vidole, na rula iwekwe kando ya alama. Tangu mwaka 2018 Nikon na Canon zimeelekeza nguvu kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, na zile za kioo zauzwa kwa bei nafuu mikononi mwa watu. Betri za hizo za kioo hudumu zaidi. Mahali pasipo umeme, sisi twaona hiyo ni sababu ya kutosha.

Ndugu zetu wa jeshi wana tahadhari yao. TG-6 tuliyoitaja, kama simu, yaweza kuandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Kwa polisi barabarani ni faida, kambini izimwe. Mwaka 2018 ramani ya programu ya mazoezi iitwayo Strava ilifichua kambi za kijeshi katika nchi kadhaa, kwa nyayo za askari waliokuwa wakikimbia tu asubuhi.

Ukinunua iliyotumika, uliza imekwisha kupiga picha ngapi, kwa maana mlango wake wa ndani huchakaa. Na saa yake irekebishwe siku hiyo hiyo, na kila betri inapokaa nje muda mrefu. Wakili wa mshtakiwa atafurahi sana kuiona picha ya ajali ya Machi iliyoandikwa Januari.