Baba mdogo, usiuze kiwanja cha Goba!

Wadau, nimepotea kidogo, ni mambo ya testi. Leo sina stori za vimbweta wala za bumu kuchelewa. Leo nimekuja na hasira.

Jumamosi nilikuwa Tabata kwa baba mdogo. Binti yake kamaliza form six, kapata division one safi, anataka kusomea kompyuta. Mezani kulikuwa na vitu viwili. Kimoja ni barua ya chuo cha Uingereza, karatasi nzito inayong'aa, kaileta ajenti mmoja wa mjini. Kingine ni daftari la mdogo wangu, humo kaandika kwa mkono aliyoyasaka mwenyewe kuhusu vyuo vya serikali vya Ujerumani. Baba mdogo daftari hakuligusa. Alishaita dalali wa kiwanja cha Goba.

"Mwalimu, wewe ndio uko chuo. Unasemaje?"

Nikasema, tukakwaruzana. Narudia hapa kwa sababu najua meza kama ile ziko nyingi.

Barua inasema ada ni paundi 18,000 kwa mwaka, miaka mitatu. Jumla paundi 54,000, kwa hela yetu zaidi ya milioni 170. Bado ada ya viza. Bado tozo ya afya, paundi 776 kwa kila mwaka wa viza, inalipwa yote kabla hajapanda ndege. Bado kula na kulala. Kiwanja dalali kakisemea milioni 65, yaani mwaka wa kwanza tu, na hapo hajala. Mwaka wa pili tutauza nini? Baba mdogo akajibu, "Mungu atafungua njia." Amina. Lakini Mungu huyohuyo katupa vidole vya kuhesabia.

Hapa Mlimani mtu akikwama ada anaweza kuahirisha mwaka, anarudi kwao kujipanga, mwakani unakutana naye tena Nkrumah. Kule mwanafunzi wa kigeni akitolewa chuo kwa kukosa ada, chuo kinawajibika kuwaarifu uhamiaji na viza inakatwa. Atarudi Tabata bila cheti na bila kiwanja.

Sasa daftari. Ujerumani vyuo vingi vya serikali havitozi ada hata kwa mgeni, unalipa mchango wa muhula, euro mia na kitu mpaka mia tatu na kitu, na mara nyingi humo mna tiketi ya treni na basi. Sio vyote: jimbo la Baden-Württemberg linatoza wageni euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na chuo kikuu cha ufundi cha Munich nacho kilianza kutoza 2024.

Na simdanganyi mtu, rahisi haimaanishi mteremko. Digrii ya kwanza kule nyingi ni kwa Kijerumani. Wengi wenye cheti chetu cha form six wanapitishwa kwanza Studienkolleg, mwaka mzima wa maandalizi, ndipo wanaingia chuo. Na kabla ya viza unatakiwa kuonyesha euro 11,904 kwenye akaunti maalum. Baba mdogo aliposikia hiyo akapiga meza, "Si umeona! Ni milioni thelathini na kitu!"

Nimeona. Ila hiyo hela ni ya mtoto wako. Akifika anapewa euro 992 kila mwezi, anapanga chumba, anakula. Ada ukishalipa imekwenda, na njaa iko palepale. Lugha ataanza kuisoma Goethe pale Upanga huku analala kwenu na anakula ugali wenu. Ndiyo, atachelewa mwaka au miwili. Ana miaka 19 jamani, anakimbilia wapi?

Kinachoniuma zaidi ni huyu ajenti. Baba mdogo anamsifia kwamba "hatutozi hata senti". Hawatozi nyie! Maajenti wa namna hii wanalipwa kamisheni na chuo, na inatoka kwenye ada ileile ya mwanafunzi. Ada ikiwa kubwa, fungu lake kubwa. Chuo kisicho na ada kitamlipa nini? Ndiyo maana hicho hutakisikia mdomoni mwake, na mtoto akakitafute mwenyewe usiku kwa bando la shilingi mia tano. Halafu sisi tunaiamini karatasi inayong'aa.

Kaahidi pia kwamba akimaliza atabaki miaka miwili afanye kazi, hela irudi. Hakusema kwamba watakaoomba kibali hicho kuanzia Januari 2027 wanapewa miezi 18 tu, na mtoto wetu atakuwa humo.

"Rahisi ni ghali," akasema baba mdogo, "na hicho chuo kiko kwenye mia tano bora za dunia." Hapa nikasahau adabu kidogo. Mimi nasomea ualimu. Orodha ya QS, asilimia 30 ya alama ni sifa tu, maoni ya wasomi wa vyuo vingine. Ile ya Shanghai inahesabu mpaka tuzo za Nobel. Hakuna mtu wa orodha anayekaa kiti cha nyuma kusikiliza mhadhiri anavyofundisha mwaka wa kwanza, kama sisi tunavyokaguliwa kwenye BTP na andalio la somo mkononi. Ada haikupi mwalimu bora, na waajiri wengi wa Bongo hawatamuuliza ulilipa ngapi.

Na kama Ujerumani inatisha, asome hapa kwanza. Ufadhili mwingi wa DAAD ni wa masters na udaktari, aende wakati huo.

Mama mdogo alikaa kimya muda wote, anachambua mchele. Mwisho akasema, "Kile kiwanja tulinunua wote wawili." Baba mdogo akatoka nje kwenda kupiga simu.

Dalali anakuja Jumamosi saa nne. Nimeshaomba nauli kwa rumu meti, nitakuwepo.